Namna Wizara Ilivyowafundisha Watani Adabu

Mambo haya si ya kale. Ni ya majuzi tu, na baadhi ya wahusika bado wako ofisini, ndiyo maana nasimulia kwa heshima zote. Palikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu lilikuwa bado linajadiliwa na kamati. Nchi hiyo ilikuwa na milima, mito, na Wizara ya Maelewano na Uratibu wa Maelewano. Wageni walizoea kuuliza kwa nini maelewano yahitaji wizara nzima. Jibu lilikuwa rahisi: wananchi wa nchi ile walikuwa na tabia mbaya ya kuelewana wenyewe kwa wenyewe bila kuijulisha serikali.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, mfinyanzi wa vyungu, jina lake Sikitu. Yeye ni Mfuluka, na Wafuluka ni watu wa bondeni, walaji wa kambare, waliokaa kando ya mto tangu mto ulipokuwa kijito. Kisha serikali ikajenga Bwawa la Heshima. Siku ya kulizindua, Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa kirefu kiasi kwamba maji yalifika kabla hajamaliza, na vijiji sita vya Wafuluka vikazama baina ya "napenda kuwashukuru" na "kwa kumalizia". Hotuba hiyo ilisifiwa sana.

Basi Wafuluka wakawa wahamiaji, na mhamiaji katika nchi ile ni mtu anayeratibiwa. Sikitu aliratibiwa mara tatu katika miaka mitatu. Mahali pa kwanza waliondolewa kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa. Mahali pa pili palikuwa porini kabisa. Mkutano wa wenyeji uliitishwa kwa mujibu wa sheria, lakini tembo hawakuhudhuria na akidi haikutimia. Mahali pa tatu wenyeji walikuwepo, walihudhuria na walikubali kwa kauli moja, ila walikubali siku ya Jumamosi, ofisi zikiwa zimefungwa. Kila walipofika walipigiwa ngoma na kila mtu akapewa Cheti cha Makaribisho. Sikitu alikuwa navyo vitatu, vyote vina muhuri. Tangu mahali pa pili alikuwa amejifunza kujenga nyumba ya kuta tatu tu, maana ukuta wa nne hakuwahi kuufaidi.

Safari ya nne lori liliishiwa dizeli mlimani, karibu na kijiji cha Kisange. Dereva alilizunguka lori mara mbili, akakagua mazingira, akatangaza kwamba wamefika.

Kisange ni kwa Wasangari, walima ulezi na warina asali, ambao pia hula panya buku, nao hawaoni haya kulisema. Walishuka kutoka mashambani wakawazunguka wageni wale waliokaa juu ya mizigo. Mrina asali mmoja, Makwega, mtu mzima wa miaka hamsini na mabega mapana, akajitokeza mbele akamtazama Sikitu toka utosini hadi unyayoni.

"Kumbe hata maji yamewashindwa," akasema. "Yamewameza, yameonja, yamewatema."

Sikitu alihisi kitu kikilegea kifuani mwake ambacho kilikuwa kimekazwa kwa miaka mitatu. Alijibu, bila kuinuka, kwamba maji ni kitu safi, hayawezi kumgusa mla panya, kwa hiyo Wasangari wakae kwa amani, hawatazama kamwe. Mlima mzima ukacheka, na mizigo ikaanza kushushwa.

Maana Wafuluka na Wasangari walikuwa watani. Babu zao walipigana vita kwa ajili ya mbuzi mmoja, mbuzi akafa kwa uzee vita ikiwa bado inaendelea, wakaona aibu, wakaapa kwamba kuanzia siku hiyo watapigana kwa maneno tu. Mtani wako atakutukana, atachukua kitu chako machoni pako, atakucheka ukijikwaa. Na siku ukifiwa, yeye ndiye atakayelala kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka, atamwigiza marehemu wako, na atakufanya ucheke siku ambayo huwezi kucheka wala kulia. Kitu kimoja tu hana ruhusa ya kukifanya, nacho ni kukuacha.

Mpaka jioni Makwega alikuwa amemnyang'anya Sikitu kuku na kumwonyesha kiwanja kinachoshuka hadi kwenye kijito. Mama yake Makwega, Bibi Tindwa, mwenye miaka tisini na ulimi wa miaka ishirini, aliichukua kanga ya Sikitu kambani akaivaa wiki tatu, naye akamwambia kila aliyepita kwamba inanuka kambare. Sikitu alijenga kuta nne. Wa nne aliukandika kwa mkono wake polepole sana, kama anayepaka mtoto mafuta.

*

Habari zikaifikia wizara kwamba wahamiaji mia mbili na kumi na wawili wamepata makazi bila kuratibiwa. Makao makuu watu walishika vichwa. Ikaundwa kamati, kamati ikaunda timu, na timu ikatumwa Kisange chini ya Bwana Pankrasi Lihemba, Mratibu Mwandamizi wa Mapokezi, pamoja na wasaidizi kumi na mmoja na kitabu cha Mwongozo chenye kurasa mia nne. Alikuja pia na kipaza sauti. Umeme haukuwepo, lakini alikishika hivyo hivyo, kwa sababu bila kipaza sauti mkutano unakuwa mazungumzo.

Bwana Pankrasi hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa mjini na kukulia mjini, viatu vyake vilikuwa safi, na alipenda kwa dhati watu waishi vizuri kwa kufuata vipengele. Aliwaeleza wanakijiji kwamba serikali imekuja kusikiliza, akaongea saa mbili, kisha akatoa dakika tano za maoni.

Makwega alisimama. Akasema kwamba yeye kama mwenyeji ana malalamiko: Wafuluka hawa wananuka samaki, wana miguu ya bata, wamekuja kumaliza kijito kwa kukinywa, na kama serikali ina huruma iwarudishe bwawani wakachunge vyura. Wasangari wakashangilia. Sikitu naye akasimama, akaiomba serikali iwahurumie zaidi Wafuluka, kwa kuwa wamewekwa kati ya watu ambao panya wakiwaona hujificha na kuwaachia watoto wao urithi. Wafuluka wakapiga vigelegele. Bibi Tindwa akapaza sauti toka nyuma kwamba Mfuluka yule asisikilizwe, kanga yake yenyewe hana.

Bwana Pankrasi aliandika yote. Walijaribu kumweleza kwamba huo ni utani. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza utani huo umesajiliwa mwaka gani, mwenyekiti wake ni nani, na muhuri uko wapi.

"Serikali haipingi utani," akasema kwa upole. "Serikali inapinga utani ambao haujaratibiwa."

Ripoti ilikuwa tayari kesho yake. Kisange ilipewa Uhasama wa Daraja la Kwanza, daraja ambalo lilikuwa halijawahi kutolewa, na wasaidizi walipongezana. Wanakijiji walipewa siku thelathini za kujirekebisha. Wakishindwa, Wafuluka wangehamishiwa Nyika ya Chumvi kwa ajili ya usalama wao. Huko, ripoti ilieleza, hakuna mtu aliyewahi kumtukana mtu, na ni kweli, kwa kuwa huko hakuna mtu.

Sikitu aliposomewa hukumu ile alirudi nyumbani akaketi akiegemea ukuta wake wa nne. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alijua kwamba nguvu za kujenga tena hana, na kwamba akipandishwa tena lori, atashuka ni mzigo kama mizigo mingine.

*

Ikaanzishwa Semina ya Lugha ya Staha. Wanakijiji walifundishwa sentensi kumi na mbili, zikasomwa kwa pamoja asubuhi na jioni. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Ndugu Mkazi Mhamiaji, nakutakia asubuhi yenye tija." Jibu lake lilikuwa sentensi ya pili: "Ndugu Mkazi Mwenyeji, tija hiyo na iwe yetu sote." Sentensi ya sita ilikuwa ya shukrani, ya tisa ya kuomba njia mtu akibeba mzigo. Wasaidizi wa Bwana Pankrasi walikaa kisimani na njia panda na madaftari, wakitoa alama.

Wasangari walijitahidi kuliko walivyowahi kujitahidi katika jambo lolote la serikali, na sababu ilikuwa moja: waliwapenda watani wao, na hawakutaka wachukuliwe. Makwega alizifanyia mazoezi sentensi zile juu ya mti, akiwahutubia nyuki. Alama zikapanda kutoka asilimia nne hadi sitini, hadi themanini. Bwana Pankrasi alikuwa na furaha hata akaanza kunenepa.

Lakini jambo la ajabu likatokea, nami nalieleza kama lilivyo, bila kumlaumu mtu. Kadiri staha ilivyopanda, ndivyo watu walivyoacha kutembeleana. Mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba kaa la moto alikuta salamu inamalizika kaa limekwisha kuwa majivu. Akina mama waliokuwa wakinyang'anyana mboga shambani sasa walipishana wakiombana radhi. Na siku ya kumi na tano Makwega alikuja hadi mlangoni kwa Sikitu, akasimama mbali, akamkabidhi kuku wake pamoja na barua. Barua ilisema: "Ndugu Mkazi Mhamiaji, narejesha kuku wako mmoja, jike, mwenye afya njema. Samahani kwa usumbufu."

Sikitu aliisoma mara tatu. Kisha akalia, kwa sababu kuku yule alikuwa ameibiwa kwa mapenzi na sasa amerudishwa kwa adabu, na adabu ile ilimkata maini. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao walikwisha kupewa jembe. Sasa wananyang'anywa jembe na kutandikiwa tena mkeka wa mgeni. Na Wafuluka wote walijua kwamba mtu anayepewa heshima nyingi namna ile ni yule ambaye kesho anasindikizwa. Polepole, nyumba hadi nyumba, wakaanza kufunga mizigo yao wenyewe.

Aliyebaki kuwatukana alikuwa mmoja tu, Bibi Tindwa. Bwana Pankrasi alikuwa amemsamehe semina chini ya kipengele cha themanini na nane, kinachohusu wazee ambao maoni yao hayahesabiwi. Kila asubuhi Sikitu alikwenda kumpelekea uji, na kila asubuhi bibi aliuonja na kusema kwamba uji wa Mfuluka ni maji yaliyopitiwa na ulezi bila kusalimiana. Sikitu alikuwa akitoka pale na nguvu za kumfikisha jioni.

Siku ya ishirini na tisa alikwenda na uji akamkuta bibi amefariki usingizini, kanga ya wizi imemfunika mabega.

*

Sasa ratiba. Siku ya thelathini Mheshimiwa Waziri alikuwa aje Kisange mwenyewe kukabidhi Cheti cha Maelewano, kwa kuwa alama zilikuwa zimefika tisini na saba. Bwana Pankrasi alikwenda kwa mfiwa akauliza, kwa sauti ya chini na ya masikitiko, kama marehemu angeweza kuahirishwa. Makwega alisema hapana. Basi wakaafikiana mazishi yaingizwe katika ratiba kama kipengele cha tano, baada ya ngoma na kabla ya viburudisho.

Kutoka hapo Bwana Pankrasi alipitia kwa Sikitu. Alimwambia kwamba amesoma habari za kulala makaburini katika maelezo ya wazee, na anamwomba kama ndugu asijaribu. Imebaki siku moja. Neno moja baya mbele ya Waziri, na lori liko tayari, safari hii limejazwa dizeli hadi juu. Sikitu alimjibu kwa sentensi ya sita. Alijibu kwa moyo mmoja, maana alikuwa na watu mia mbili na kumi na mmoja wa kufikiria, na kuta nne.

Siku ya thelathini ikafika, Waziri akafika, ngoma ikapigwa, wakaenda makaburini kwa utaratibu. Waziri alikuwa na haraka, alikuwa na sherehe nyingine bondeni saa nane. Wasangari walisimama upande mmoja, Wafuluka upande mwingine, wote wanyamavu, wote nadhifu. Kila mtu alimpa Makwega pole kwa sentensi ya kumi, naye alimshukuru kila mtu kwa ya sita. Tangu mama yake afe alikuwa hajalia. Uso wake ulikuwa mkavu, umefungwa, na Sikitu alipoutazama aliona kwamba mtu huyu atarudi nyumbani leo bila kulia, na kesho vilevile, na huzuni ile itamkalia humo ndani mpaka imwozeshe.

Akavua viatu. Akapita mbele ya Waziri bila kuomba njia, akashuka kaburini, akalala chali.

"Kumenyooka vizuri huku chini," akasema. "Huyu bibi mchoyo hastahili. Kaniibia kanga, sasa nami namwibia nyumba. Mpelekeni mkamzike kwa mapanya wenzake."

Watu walishika midomo. Bwana Pankrasi alifumba macho. Makwega alisogea ukingoni, akatazama chini, na midomo yake ikatafuta sentensi.

"Ndugu Mkazi Mhamiaji," akaanza, "kwa heshima na taadhima, tunaomba..."

"Sitoki," Sikitu akasema. "Sitoki mpaka unitukane."

Makwega alimtazama Waziri, akalitazama lori, akawatazama Wafuluka wote wamesimama na mizigo iliyokwisha kufungwa. Kisha akamtazama mama yake ndani ya jeneza la mbao za mizinga. Kifua chake kikapanda.

"Mfuluka wewe," akasema, na sauti ikamkatika, akairudia. "Mfuluka mwenye kichwa cha chungu kilichopasukia tanuuni. Mmeumaliza mto wenu kwa kuunywa, sasa mmekuja kunywa machozi yetu. Mama yangu alikuvumilia wewe na uji wako wa matope, kila siku akininong'oneza kwamba ukiondoka yeye atakufa, nawe, mpumbavu wa maji, ukafunga mizigo. Ukafunga mizigo, Sikitu."

Hapo akalia. Alilia kwa sauti, na katikati ya kilio kicheko kikamtoka puani, na Wasangari wakapokea vyote viwili, na upande wa pili Wafuluka wakaanza kumtukana marehemu na ukoo wake wote hadi babu wa nne. Kelele zilizotoka mlimani siku ile hazina daraja katika Mwongozo.

Waziri aliuliza ni nini hiki. Bwana Pankrasi, ambaye rangi ilikuwa imemtoka, alisema ni uhasama, Mheshimiwa, na kwamba mama yule aliyelala kaburini aondolewe mara moja. Askari wawili wakasogea. Lakini Bwana Pankrasi alikuwa mtu wa vipengele, akaufungua Mwongozo ili amwondoe kihalali, na alipofika ukurasa wa mia tatu na sita akasimama kusoma.

"Kuna tatizo, Mheshimiwa," akasema. "Mtu aliye kaburini hahamishwi ila kwa ridhaa ya maandishi ya wenyeji wote na wizara tano, na baada ya miaka saba. Anahesabiwa kuwa mkazi wa kudumu."

"Lakini huyu ni mzima."

"Mwongozo haukusema lazima awe amekufa, Mheshimiwa."

Waziri alitafakari. Katika miaka kumi na tisa wizara yake ilikuwa imehamisha watu laki nne, na haijawahi kumpata hata mmoja ambaye ingeweza kuapa kwamba ametulia. Na saa nane alikuwa na hotuba ya mafanikio ambayo haikuwa na mafanikio. Akauliza kwa sauti ya mtu anayesikia harufu ya pilau, kama kaburi lile linaweza kuingiza na wengine.

Liliingiza. Wafuluka walishuka mmoja mmoja, wazee kwa watoto, wakalala, wakatukana, wakaandikwa, wakatoka. Bibi Tindwa alingoja pembeni hadi saa tisa. Leo ukienda wizarani utakuta faili la Kisange limefungwa kwa utepe mwekundu, likionyesha wahamiaji mia mbili na kumi na wawili waliopumzishwa kwa kudumu bila lalamiko hata moja. Katika uchaguzi uliofuata walipiga kura wote, na ofisi haikushangaa, kwani marehemu wa nchi ile ni wapiga kura wa siku nyingi.

Lakini nimekimbilia mbele. Wa kwanza kuandikwa alikuwa Sikitu, akiwa bado amelala, udongo nyweleni. Bwana Pankrasi alipiga magoti ukingoni na suruali yake safi, akamwuliza jina, akaandika. Akamwuliza kabila, akaandika. Akamwuliza mahali pa makazi ya kudumu, na kalamu ikangoja.

Sikitu alikiweka kiganja chake juu ya udongo ubavuni mwake, udongo mwekundu wa Kisange ambao alikwisha kuujua kwa vidole, ukikandika vizuri na ukifinyangika vibaya.

"Hapa," akasema.

Bwana Pankrasi akaandika hivyo hivyo. Makwega akajipangusa uso kwa kiwiko, akainama, akamnyoshea mkono.

"Haya, toka basi," akasema. "Umemchafulia mama kitanda."